Musoki Adeline na Kanuni za Kikao cha Jumanne

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, chef wa karte, yaani mtaa wetu, ninyi mliofanya kazi na marehemu, majirani wa avenyu yetu, na ninyi wote mliokaa nasi chini ya mahema haya tangu siku ya Ijumaa, familia ya marehemu muzee Kamate Zacharie pamoja na familia ya muzee Ambroise wanaomba masikio yenu kwa muda, ili kabla hatujatoka kwenda makaburini mpate kumjua kwa ukamilifu mama tunayemsindikiza leo Jumatano, tarehe 17 mwezi wa tisa mwaka 2025. Maneno haya yameandikwa na bwana yake muzee Ambroise, watoto wake na wadogo zake, wamekaa siku mbili kwenye meza moja, na mahali walipobishana wamefuata alivyopenda yeye, yaani kusema jambo jinsi lilivyokuwa.

Musoki Adeline alizaliwa tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 1966 huko Musienene, katika teritware, yaani wilaya, ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa pili kati ya watoto saba wa muzee Kamate Zacharie, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, na mama Espérance, mkulima, wote wawili wakiwa wametangulia. Mwezi wa nane mwaka 1974 muzee Kamate alihamisha nyumba yake yote kuja Bunia, wakasafiri siku tatu juu ya kamyo, Adeline amekaa juu ya gunia la chumvi na mdogo wake magotini, na walipofika wakapata parseli, yaani kiwanja, katika karte Mudzi-Pela, ambamo mama Espérance aliishi mpaka mwisho wake.

Ni katika parseli hiyo, Adeline akiwa na miaka kumi na mmoja, alipomwona mama jirani akiingia mbio, mdomo unatoka damu, anaomba kufichwa, na muzee Kamate, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi, alimpa maji, akamtuliza, kisha akamshika mkono akamrudisha kwa bwana yake kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndivyo watu wema walivyofanya siku zile. Marehemu alilisimulia jambo hilo mara nyingi, wala hakulisimulia ili kumshitaki baba yake, alisema tu kwamba ndiko alikojifunza kuwa mtu anaweza kuwa na moyo mzuri na bado akakosea vibaya.

Alianza shule ya msingi Musienene mwaka 1972, akaimaliza kwa masista hapa mjini mwaka 1978, akaingia sekondari na kupata diploma ya Serikali mwaka 1985 kwa asilimia 58, baada ya kurudia mwaka wa tatu kwa sababu ya hesabu, jambo ambalo bwana yake, mwalimu wa hesabu, hakuacha kumkumbusha kila walipopata wageni. Kuanzia mwaka 1985 hadi 1988 alisomea uuguzi huko Nyankunde, akatoka na diploma ya A1, na tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 1988 alianza kazi katika kituo kimoja cha afya karteni Nyakasanza, alipofanya miaka ishirini na miwili, akizalisha watoto ambao baadhi yao leo wako hapa na ndevu zao.

Tarehe 24 mwezi wa nane mwaka 1991 alifunga ndoa na mwalimu Ambroise, hapa Bunia, mbele ya Mungu na mbele ya Serikali, na Mungu akawapa watoto watatu, Yannick mwaka 1992, Kavira mwaka 1995 na Claude mwaka 1999, na hao wamemletea wajukuu watano. Mwezi wa tano mwaka 2003, vita ilipoingia mjini, walikimbia kwa miguu kupitia Komanda na Eringeti mpaka Beni, Claude mgongoni kwa mama yake na kitabu cha ndoa ndani ya kitenge, wakakaa huko miezi saba kwa ndugu, wakarudi mwezi wa kumi na mbili na kukuta nyumba bila milango, na Adeline akarudi kazini juma lile lile.

Wanaomjua watakumbuka sauti yake, kwani alicheka kwa nguvu kuliko alivyoimba, na kwaya ya wamama ilimpenda ila ilimweka nyuma, watakumbuka kalamu yake ya bic ya kijani, na kwamba alifika kila mahali kabla ya saa na kuanza kupanga viti hata kama si yeye aliyeita mkutano.

Kwenye kituo cha afya alifunga vidonda vingi ambavyo wenyewe walisema ni vya kuanguka, mpaka alipochoka kufunga bila kuuliza, na mwaka 2010 aliomba kwenda mafunzo ya msaada wa kisaikolojia na kijamii, akawa mmoja wa wale tunaowaita hapa APS, akaanza kupokea wamama pale pale kituoni na kuwasindikiza polisi na hospitali. Wakati huo tribinalini, yaani mahakamani, alikuwako Jaji Constant, mtu aliyekuwa amechoka kuona mambo mawili tu yakimpata mwanaume aliyempiga bibi yake, ama familia mbili zinakaa na kumaliza jambo kwa mbuzi, ama anafungwa, watoto wanakosa chakula, bibi analaumiwa na ukoo wote, na yeye anatoka na hasira mara mbili, kwa hiyo tangu mwaka 2012 Jaji alianza kutoa kifungo chenye kusimamishwa, kile ambacho maavoka, yaani mawakili, wanaita sirsi, kwa sharti kwamba mwanaume aende kupata mashauri kwa mtu anayeaminika, kisha alete karatasi ya kuonyesha kwamba ameyapata.

Wazo lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyekuwa ameandika mashauri hayo ni kitu gani, hivyo mmoja alisali na mwanaume saa moja akampa karatasi, mwingine alimshauri amnunulie bibi kitenge akampa karatasi, mwingine alimwita bibi naye aje kuomba msamaha, na Adeline, aliyeheshimika kuliko wengi, yeye aliongea na mtu mara tatu. Tarehe 21 mwezi wa tano mwaka 2013 alitia sahihi karatasi ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda na kurudi Mongbwalu, mtu mwenye sauti ya chini, aliyelia mbele yake mara zote tatu na kumshukuru kwa kumfungua macho, na Adeline akaandika kwa kalamu yake ya kijani kwamba mtu huyu amebadilika.

Siku kumi na tisa baadaye, Jumapili tarehe 9 mwezi wa sita, bibi wa mtu yule aliletwa kituoni na shemeji yake, mkono wa kuume umevunjika na jicho la kushoto limeumizwa, jicho ambalo halikuona tena, na familia yake imeomba jina lisitajwe leo. Adeline alipokuwa akimsafisha, yule mama alimtazama kwa jicho moja akamwambia bila kukasirika, "Mama, ile karatasi yako alinionyesha. Alisema, sasa miye niko mutu safi, tribinali imeandika."

Adeline alimaliza kumfunga, akamsindikiza hospitali, akakaa naye mpaka alipopokelewa, na kesho yake Jumatatu, kabla milango ya tribinali haijafunguliwa, alikuwa amesimama nje akimngoja Jaji. Jaji alitaka kumfariji, akamwambia kwamba mtu hana dirisha kifuani, kwamba hakuna ambaye angeweza kujua, na Adeline akamjibu maneno ambayo Jaji Constant mwenyewe ametuandikia kutoka anakoishi sasa ili tuyasome hapa, "Bwana Jaji, bibi yake alikuwa anajua. Miye sikumuuliza."

Alimwomba asimtume mwanaume yeyote kwa mtu yeyote mpaka kanuni zitakapoandikwa, na Jaji alipouliza ni nani atakayeziandika, alisema atawauliza wenyewe. Kwa miezi kumi na minne, kuanzia mwezi wa nane mwaka 2013, katika siku zake za mapumziko, alizunguka na daftari, Bunia mjini, Irumu, Mongbwalu juu ya moto, yaani pikipiki, kwenye ile barabara mnayoijua, akiwauliza wamama waliopigwa swali moja tu, wangetaka mashauri ya mabwana zao yafanyike namna gani ili wao wawe salama, akasikiliza wamama sitini na mmoja, na daftari hilo liko nyumbani, limejaa mpaka jaladani.

Karibu kila kanuni aliyoandika ilitoka katika mdomo wa mmoja wao. Mama wa Irumu alisema wasimuulize mbele ya bwana yake kwa kuwa atajibu anachotaka bwana, ndiyo sababu imeandikwa kwamba bibi anaulizwa kwanza, peke yake, kabla mwanaume hajakaa kwenye kiti, na tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka, na kwamba mume na mke hawawekwi kamwe katika kikao kimoja. Wengi walisema toba ya mwanaume hudumu miezi mitatu, mwezi wa nne anarudi alivyokuwa, ndiyo sababu vikao ni ishirini na sita, kila Jumanne, nusu mwaka mzima, na si miezi mitatu ya kulia. Wengine walisema bwana alipewa mashauri na mjomba wake au na mzee wa kanisa lake, na wote wawili wakacheka, ndiyo sababu muongozaji wa vikao hampokei ndugu yake wala mtu wa kanisa lake, na waongozaji ni wawili, mwanamke na mwanaume, waliofundishwa siku arobaini kabla ya kuanza. Lakini kanuni aliyoipigania kuliko zote ilihusu ile karatasi, kwani aliandika kwamba hakuna muongozaji atakayeandika kuwa mtu amebadilika, ataandika tu siku alizofika, siku alizokosa, na neno la bibi yake ikiwa bibi amekubali lipelekwe.

Muzee Ambroise alipiga kurasa hizo tisa kwa mashine, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande mwingine, wakagombana juu ya alama za mkato jioni nyingi, na mkutano wa kuzisoma ulipoitwa mwanzoni mwa mwaka 2015 haukuwa mwepesi, wachungaji wawili walisema wiki ishirini na sita zinaonyesha kutomwamini Roho, avoka mmoja alisema mwanaume hawezi kupoteza Jumanne nzima za kazi, na Adeline alijibu kila mmoja kwa upole bila kuondoa hata wiki moja, akasema kwamba mama yule wa jicho amepoteza zaidi ya Jumanne. Tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka 2015 Jaji Constant na waongozaji kumi na mmoja walitia sahihi, na ingawa haikuwa sheria ya nchi, ila mapatano ya watu wa Bunia tu, tangu siku ile hakuna aliyepewa sirsi ya namna hiyo bila kurasa hizo tisa kuambatanishwa.

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumanne tarehe 7 mwezi wa nne mwaka 2015, saa tisa alasiri, katika chumba walichoazimwa nyuma ya shule, wanaume tisa na viti kumi na kimoja, bila meza, kwani alisema meza inamfanya mmoja kuwa mkubwa. Humo ndani kulikuwa na utaratibu mmoja uliowashinda wengi, mtu hakuruhusiwa kusema tulipigana, wala shetani alinishika, wala pombe, alitakiwa kuanza na yeye mwenyewe, kusema alifanya nini kwa mkono upi, na wapo waliokaa miezi miwili kabla ya kulitamka neno moja, "nilimupiga."

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilisimama muda mrefu. Paluku, mtoto wa mwisho wa muzee Kamate, alizaliwa mwaka 1981, Adeline ana miaka kumi na mitano, na ni yeye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kutembea, akawa baadaye dereva wa kamyo ya Fuso kwenye barabara ya Mongbwalu, na huyo Paluku ndiye aliyesimama mbele yenu akisoma maneno haya. Jumamosi tarehe 15 mwezi wa kumi mwaka 2016, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake wawili, Paluku alimpiga bibi yake Monique kwa ngumi na kwa mkanda, Monique akalala hospitali siku tano, na alipotoka akapeleka mashitaka.

Ukoo ulikaa Mudzi-Pela, ukamwita Adeline, ukamwomba azungumze na Monique ili aondoe mashitaka, kwa kuwa Monique alimpenda na angemsikia, na mama Espérance alilia akamkumbusha kwamba mtoto huyu ni wa mgongo wake. Adeline alipiga magoti mbele ya mama yake, akamwambia, "Mama, Paluku nilimubeba ku mugongo, ni kweli. Ile haifanye Monique kuwa muongo." Akasema pia kwamba faili hiyo hataigusa, si kwa kumsaidia ndugu yake wala kwa kumwumiza, akaondoka, na watu wakamwona mgumu.

Tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka 2017 tribinali ilimpa Paluku kifungo cha miezi minane chenye kusimamishwa, kwa sharti la Jumanne ishirini na sita, akaanza tarehe 7 mwezi wa pili mbele ya waongozaji Paul na Joséphine, mwalimu wa zamani na muuguzi, ambao hawakuwa ndugu zake. Aliona aibu, alifika akichelewa, alikaa bila kufungua mdomo, na alipoongea alisema tu kwamba walikosana nyumbani, kisha akaanza kukosa, Jumanne nne kati ya mwezi wa nne na mwezi wa tano, kwa kisingizio cha barabara. Alipoambiwa kwamba jina lake litapelekwa, alikwenda kwa dada yake, akamkuta jikoni anachambua majani ya sombe, akamwomba jambo dogo, aongee na Paul ili Jumanne zile nne ziandikwe kama alifika, kwani kweli alikuwa kazini.

Adeline alinawa mikono kwanza, akavuta kiti, akamkalisha, akamwambia, "Ulikuwa ku barabara, Paluku, haukukuwa ku kiti. Nikiwaambia waandike uongo kwa ajili yako, ni Monique atakuja kulipa." Akampakulia chakula, Paluku akakataa kula, akaondoka, na ripoti ikaenda kwa Jaji ndani ya siku mbili kama ilivyoandikwa, na tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 2017 akaingia gerezani kwa miezi mitatu kati ya ile minane, mitano iliyobaki ikisimamishwa tena kwa sharti lile lile.

Mama Espérance aliacha kuongea na binti yake kwa miezi kumi, kwenye sikukuu kiti cha Adeline kilibaki kitupu, na wapo kati yetu, tuliokaa hapa, waliovuka barabara ili wasimsalimie. Yeye hakujitetea, wala hakuacha kazi, kila Jumapili baada ya ibada alipeleka chakula gerezani, akakaa na mdogo wake nusu saa wakiongea habari za watoto na za mpira, bila kutaja faili hata mara moja, na Paluku anakiri hapa kwamba juma la kwanza alirudisha sahani bila kuigusa, na juma la nane alikuwa akiingoja tangu asubuhi.

Alipotoka alianza upya kutoka kikao cha kwanza, Jumanne tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2017, na Jumanne ya saba, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, alisema kwa mdomo wake kwamba alimpiga Monique, kwa mkono wa kuume na kwa mkanda, na kwamba mtoto wake mkubwa alisimama mlangoni akitazama, naye hakuacha. Alimaliza Jumanne ya ishirini na sita tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka 2018, akapewa karatasi yenye tarehe ishirini na sita na hakuna neno lingine.

Familia ilijiuliza kama mambo haya yasomwe siku ya leo, na kwa kufuata njia ya marehemu, Monique ndiye aliyeulizwa kwanza, peke yake, nyumbani kwake karteni Sukisa, akiulizwa na Kavira, binti wa marehemu, si na Paluku, naye alisema yasomwe yote, akaomba mstari mmoja uongezwe, nasi tunauongeza kama alivyosema, "Muandike pia kama sikurudia, na niko muzima." Hakurudi kwa Paluku, anashona nguo zake, watoto wanamwona baba yao siku za Jumapili, hakuna anayemwogopa mwenzake, na marehemu aliwaambia waongozaji wote wapya kwamba hesabu ya kazi yao si ndoa ngapi zimeunganishwa, ila ni watu wangapi wanalala bila hofu.

Jumapili tarehe 8 mwezi wa nne mwaka 2018 mama Espérance alimtuma mtu amwite binti yake, akamwomba aje na zile kurasa tisa, akaketi akasikiliza zote, akaomba ile ya bibi kuulizwa peke yake isomwe mara ya pili, kisha akamtaja jirani yule wa miaka ile ya sabini, akasema, "Ule mama tulimurudisha. Hakuna mutu alimuuliza." Walikula pamoja siku ile, na hawakuachana tena mpaka mama alipofariki tarehe 30 mwezi wa saba mwaka 2020.

Mwaka huo wa 2018 wakimbizi kutoka Djugu walikuwa wamejaa mjini, na Adeline alialikwa kuongea kambini, ambapo mama mmoja alisimama akamwuliza, bwana wake atapewa mafundisho na kiti cha kukalia, na yeye je, atapewa nini, naye Adeline akaliandika swali hilo, akarudi nalo nyumbani. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja mwaka 2018 ukurasa wa kumi uliongezwa, unaosema kwamba kabla mwanaume hajaanza, bibi awe na mtu wake wa kumfuatilia na mahali pa kukimbilia panapojulikana, na ikiwa hivyo viwili havipo, mwanaume haanzi.

Mwaka 2021, ulipokuja utawala wa kijeshi mkoani na kesi zikabadilisha milango, zikaenda tribinali za kijeshi, wengi walidhani kikao kimekufa, na kwa miezi kadhaa hakuna mwanaume mpya aliyetumwa, lakini kundi lililokuwa limeanza lilimaliza, na Adeline alichukua kurasa zake kumi akaenda kubisha kwenye milango mipya, akangoja kwenye mabenchi siku nzima nzima akiwa na sweta yake ya kufuma, mpaka aliposikilizwa, na vikao vikaendelea. Hakupenda ripoti zenye mazuri tu, kwa hiyo tunasema hesabu kama alivyoiacha, wanaume mia nne na kumi na wawili walianza, mia mbili themanini na saba walimaliza, na kati ya waliomaliza, thelathini na wanane tunajua walipiga tena, na majina yao alikuwa nayo kichwani.

Ugonjwa wa figo ulionekana mwezi wa pili mwaka 2024, akatibiwa hapa Bunia na huko Nyankunde, akapata nafuu, akarudi kufundisha kundi la saba la waongozaji akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto, na mwezi wa saba mwaka huu hali ikabadilika. Hakuogopa, aligawa vitenge vyake mwenyewe, akampa Joséphine daftari la kijani la ratiba, akamwomba bwana yake msamaha kwa ajili ya jioni zile za alama za mkato, na muzee Ambroise akamjibu kwamba zilikuwa jioni nzuri kuliko zote. Alifariki hospitalini Ijumaa tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka 2025, saa nne asubuhi, watoto wake watatu wakiwa karibu, akiwa na miaka hamsini na tisa, miezi mitatu na siku tatu.

Siku ya Jumamosi waongozaji walikuja hapa kilioni kuuliza kama kikao cha juma hili kiahirishwe kwa heshima yake, familia ikawaambia waende, kwani kanuni ya nne inasema kikao hakiahirishwi, na jana Jumanne saa tisa alasiri Paul na Joséphine walipanga viti kumi na vinne, wanaume kumi na mmoja wakafika, mmoja hakufika bila sababu, na ripoti yake imekwenda leo asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa mjini na wa Nyankunde waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mudzi-Pela waliochota maji na kupika kwa siku tano, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kituo cha afya, waongozaji wote, Jaji Constant kwa barua yake, kwaya ya wamama, wamama walioongea ndani ya lile daftari na wamekuja leo bila kujitambulisha, na wanaume watano wa kundi la kwanza walioomba wenyewe kuchimba kaburi na wakalimaliza jana asubuhi.

Dada mkubwa, Yaya Adeline, watu wako wamekusindikiza mpaka hapa, lala sasa, na Bwana akupe ile amani uliyoitafutia nyumba za wengine.